Mapeasi ya Babu Lozan

Mwezi wa Septemba katika kijiji cha Izvorche hakuna mtoto anayerudi kutoka shule akakaa bure. Kila ua una moshi wake. Ukipita barabarani utasikia visu vikigonga mabeseni na wanawake wakigombana na nyigu. Watu wanafunga matunda kwenye mitungi ya kioo kwa ajili ya majira ya baridi, na asiyefunga sasa atakula nini Januari? Theluji?

Siku hiyo Nevena, msichana wa miaka kumi na miwili, aliweka mkoba wake mlangoni, akavaa aproni iliyomfika miguuni, akakaa kwenye kigoda mkabala na bibi yake. Kati yao palikuwa na beseni la mapeasi ya manjano. Wazazi wa Nevena walifanya kazi mjini Sofia na walikuja nyumbani sikukuu tu, kwa hiyo kazi za ua ule zilikuwa za watu wawili: yeye na Bibi Stoyna.

"Mbegu toa zote," alisema Bibi Stoyna bila kuinua macho. "Ukiacha hata kipande kigumu, mtu ataumia jino, halafu atanitukana mimi."

"Nani atakutukana Jumamosi ya Wafu, bibi?"

"Watu? Watu wanatukana hata kanisani. Menya."

Mapeasi yale hayakuwa ya kula nyumbani. Yalitoka kwenye mti wa Babu Lozan, mume wa Bibi Stoyna, ambaye alifariki mwishoni mwa majira ya baridi. Babu Lozan alikuwa na mkono wa miti. Alikata vijiti vya mpeasi wake akavipandikiza kwenye miti ya majirani, mpaka nusu ya mapeasi ya Izvorche yakawa na ladha ile ile. Mwezi wa Novemba, Jumamosi ya Wafu, kijiji kizima huenda makaburini na chakula. Unapewa, unasema "Mungu amsamehe," unakula pale pale. Kukataa ni kumtukana marehemu. Hii ingekuwa Jumamosi ya kwanza ya Babu Lozan, na Bibi Stoyna alikuwa ameapa kwamba kijiji kizima kitakula mapeasi ya mumewe juu ya kaburi lake. Kabla ya hapo, hakuna mtungi kufunguliwa. Hata kuonja marufuku.

Walijaza mitungi, wakamwaga maji na sukari, wakavibana vifuniko kwa mashine ya mkono waliyoazima kwa jirani yao, Shangazi Vasilka. Kisha wakaipanga mitungi ndani ya pipa la chuma lililosimama juu ya mawe, wakaweka matambara kati yake ili isigongane, wakaifunika kwa maji na kuwasha moto chini.

Bibi Stoyna alifuta mashine, akaitia kwapani. "Narudisha hii kwa Vasilka. Na unajua kwa Vasilka huingii ukatoka bila kahawa. Sasa sikiliza. Maji yakianza kutokota, yaache yatokote mpaka kengele ya kanisa ya jioni. Moto usipungue. Usiondoke hata kama nyumba ya jirani inaungua."

"Na kama inayoungua ni yetu?"

"Basi utakuwa na kuni za ziada," alisema bibi, akatoka.

Nevena alikaa. Aliongeza kuni, akafukuza kuku, akasubiri. Hatimaye mapovu makubwa yakaanza kupanda, na pipa zima likawa linanguruma. Alikuwa anajisikia fundi kabisa pale kichwa cha rafiki yake Kalina kilipotokeza juu ya ukuta.

"Nevena! Malori ya tamasha yamefika! Wanashusha vigari vya umeme, vile vya kugongana!"

"Siwezi. Nachunga pipa."

"Pipa lina miguu? Litakwenda wapi?"

"Bibi ataniua."

"Bibi yako yuko kwa Vasilka. Nimepita, wanacheka mpaka barabarani. Twende tuone mara moja turudi. Au unaogopa mitungi itakulilia?"

Nevena alisukuma vigogo viwili motoni, akavua aproni, akaruka ukuta.

Mara moja ile ikawa ndefu. Walitazama vigari vikishushwa. Kisha fundi mmoja akawaambia wakae kwenye kimoja ili ajaribu usukani. Nani angekataa? Jua lilipoanza kugusa mlima ndipo Nevena alipokumbuka. Alikimbia njia nzima.

Vigogo vilikuwa vimeangukia pembeni na kuzimika. Chini ya pipa palikuwa na majivu tu na macho mawili matatu ya makaa. Maji yalitoa mvuke, lakini hayakucheza. Alichovya kidole akakitoa haraka. Ya moto, ndiyo, lakini kutokota yalikwisha kuacha zamani. Alipiga magoti akaanza kupuliza. Moshi ukamjaa machoni. Ndimi za kwanza zilikuwa zinashika ganda la kuni wakati kengele ya kanisa ilipolia, na mlango wa ua ukafunguliwa.

"Yalitokota?" aliuliza Bibi Stoyna.

Nevena alijifuta machozi ya moshi. Alikuwa na nafasi ya kusema. Ilikuwa mbele yake, wazi kama mlango ule.

"Yalitokota, bibi."

"Muda wote?"

"Muda wote."

Bibi alimtazama, akaona masizi usoni, akamshika kidevu. "Ona ulivyokuwa mweusi. Babu yako angejivunia." Akautawanya moto kwa koleo. Mitungi ikaachwa ipoe ndani ya maji.

Asubuhi vifuniko vingi vilikuwa vimebonyea ndani vizuri, kama inavyotakiwa. Bibi alivigonga kimoja kimoja kwa kijiko, akasikiliza mlio, akaridhika. Walishusha mitungi kwenye stoo ya chini ya nyumba. Nevena akajiambia kwamba basi, imepita. Mapeasi yalikuwa meupe na mazuri ndani ya kioo. Nani angejua?

Oktoba ilipofika, mtungi mmoja ulivimba kifuniko. Baadaye mwingine. Siku moja Bibi Stoyna alipanda ngazi ya stoo na mtungi wa tatu mkononi, maji yake yamekuwa na ukungu, uso wake umekunjamana.

"Ni ile mashine," alisema. "Haibani. Ile mashine ya Vasilka imelegea."

Nevena, aliyekuwa anaandika kazi ya shule, aliweka kalamu chini. "Labda si mashine, bibi."

"Kama si mashine ni nini? Wewe ulichunga moto, mimi nilijaza. Kilichobaki ni mashine."

Alitupa mitungi iliyovimba kwenye shimo nyuma ya banda, akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa upande wa Vasilka. Ugomvi ule kijiji kizima kiliusikia.

"Vasilka! Mashine yako imeniharibia mapeasi ya marehemu!"

"Yangu? Mashine hiyo imefunga mitungi tangu enzi za mama mkwe wangu, na hakuna aliyelalamika!"

"Basi imezeeka kama mwenyewe!"

"Bora mimi niliyezeeka mwili, wewe umezeeka kichwa! Hukuchemsha, Stoyna, ndiyo maana!"

"Hakuchemsha nani? Mjukuu wangu alikaa kwenye moto mpaka akawa mweusi kama chungu! Usimtaje mtoto!"

Tangu siku hiyo hapakuwa na kahawa kwa Vasilka. Wanawake wale walipishana dukani kama hawajawahi kuonana. Nevena alipita kati yao akitazama viatu vyake. Bibi alikuwa amemtetea mbele ya kijiji kizima, na kila neno la utetezi ule lilimchoma.

Lakini mitungi mingine haikuvimba. Ilisimama rafuni, vifuniko vimebonyea, mapeasi meupe. "Hii ni mizima," alisema Bibi Stoyna. "Inatosha kwa Lozan wangu."

Siku moja kabla ya Jumamosi ya Wafu, Muuguzi Ginka wa zahanati ya kijiji alikuja darasani. Alizungumzia mafua, meno, halafu vyakula vya kufunga nyumbani, kwa sababu msimu ulikuwa ndio huo.

"Mtungi uliovimba mnautupa, hilo mnalijua," alisema. "Lakini sikilizeni hili. Chakula kilichofungwa bila kuchemshwa vya kutosha kinaweza kuwa na sumu, na mtungi usivimbe. Hakinuki. Hakibadiliki rangi. Ladha ni ile ile. Unakula, kesho yake unaona vitu viwili viwili, kope zinaanguka, koo halimezi, na mwisho pumzi inakuwa kazi. Nimemwona mtu wa namna hiyo. Sitaki kumwona mwingine."

"Na utajuaje kama mtungi una sumu?" aliuliza Kalina.

"Hujui. Ndiyo maana kazi inafanywa sawasawa tangu mwanzo, na penye shaka unatupa bila kuonja."

Nevena hakusikia kipindi kilichofuata. Alifika nyumbani mbio, ameshapanga maneno. Bibi, jioni ile ya mapeasi... hapana. Bibi, kuna jambo... Alimkuta Bibi Stoyna jikoni, mikono ndani ya unga wa mkate. Mezani kulikuwa na bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, na mitungi ya mapeasi imefutwa mpaka inang'aa. Karibu na mitungi kulikuwa na kofia ya Babu Lozan.

"Bibi..."

"Kesho atafurahi," alisema Bibi Stoyna. Alikuwa analia na kukanda kwa pamoja, machozi hayakumzuia mikono. "Mti wake, maji ya kisima chake, na moto aliouchunga mjukuu wake. Nipe chumvi, mwanangu. Ulikuwa unasema nini?"

Nevena alimpa chumvi. "Hakuna kitu."

Asubuhi kulikuwa na umande ulioganda juu ya nyasi za makaburini. Watu walikuwa wengi. Wanawake walitandaza vitambaa juu ya makaburi, mishumaa ikawashwa, divai ikamwagwa ardhini kwa umbo la msalaba. Kasisi alikuwa anazunguka kaburi kwa kaburi akibariki chakula, sauti yake ikisogea polepole, na watu wazima hawali kabla hajabariki. Bibi Stoyna alifungua mtungi wa kwanza. Ulivuta hewa, pss, kama mtungi mzima. Akaunusa. "Asali," alisema, akaanza kujaza vikombe.

Nevena alishika sinia lililokuwa na vikombe hivyo. Alilivuta karibu na kifua, akajikunyata.

"Baridi?" aliuliza bibi.

"Kidogo."

Mzee Metodi, rafiki wa marehemu, alichukua kikombe. Akachukua na fundi seremala. Kisha watu wakapisha njia, kwa sababu Shangazi Vasilka alikuwa anakuja, amemshika mkono mjukuu wake, Boyko, mtoto wa miaka minne aliyevaa kofia ya sufi. Wanawake wale wawili walitazamana juu ya kaburi.

"Nimekuja kwa Lozan," alisema Vasilka. "Si kwako."

"Na ninachogawa ni cha Lozan," alijibu Bibi Stoyna. Alichagua kikombe kilichokuwa na kipande kikubwa, akainama, akamwekea Boyko mikononi. "Kula, mdogo wangu. Babu Lozan alikuwa anakubeba mabegani, unakumbuka?"

Boyko alikipeleka kikombe mdomoni.

"Usinywe!" alipiga kelele Nevena.

Watu wote waligeuka. Hata kasisi alinyamaza, makaburi matatu mbele.

"Umerukwa na akili?" alinong'ona bibi. "Hapa?"

"Kuna... kuna nyigu ndani!"

Vasilka alichungulia ndani ya kikombe. "Nyigu gani, mtoto wewe? Na barafu hii? Nyigu wote walishakufa." Mtu mmoja alicheka. Boyko naye alicheka, akakiinua kikombe tena. Mzee Metodi alikuwa tayari ameshika chake karibu na midomo, akingoja tu kasisi afike abariki.

Nevena aliona kwamba uongo mdogo umeshindwa, na hapakuwa na mwingine. Aliweka sinia chini juu ya nyasi, akampokonya Boyko kikombe, akakimwaga.

"Sikuchemsha," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Sikuchemsha! Nilikwenda kuona vigari vya tamasha na moto ukazimika. Niliporudi nikasema yalitokota muda wote. Hayakutokota. Mitungi yote ilikuwa kwenye pipa moja. Mashine ya Shangazi Vasilka haina kosa. Msile, tafadhali. Hata kama inaonekana mizuri."

Boyko akaanza kulia kwa sababu ya kikombe chake.

Muuguzi Ginka alitokea kati ya watu, kofia imemkaa upande. "Wekeni vikombe chini. Vyote. Metodi, umemeza?"

"Sijameza," alisema Mzee Metodi, akikitazama kikombe kama nyoka. "Nilikuwa namngoja padri. Miaka yote namlalamikia kwa kuchelewa. Leo naomba radhi."

"Fundi?"

"Mimi sijagusa. Nina jino."

Muuguzi alizunguka kuhesabu vikombe na vinywa. Hakuna aliyekuwa amemeza. Aliwaagiza waliomwagikiwa wanawe mikono kwa sabuni. Bibi Stoyna alifunika mitungi aliyokwisha kuifungua, akairudisha yote kikapuni, taratibu sana, kama mtu anayemlaza mtoto. Kisha akakaa kwenye ukingo wa kaburi. Nevena alingoja kofi. Kofi lingekuwa nafuu.

"Vasilka," alisema bibi hatimaye, bila kuinua kichwa. "Mashine yako haina kosa. Nilikusema mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi."

"Nilijua," alisema Vasilka. "Ngoja nifurahi kidogo." Alisimama pale akafurahi kidogo, mikono kiunoni. Halafu akamkabidhi Muuguzi Ginka mjukuu wake. "Nishikie huyu. Nyumbani nina mapeasi niliyoyafunga kwa mashine ile ile, na moto nilikaa nao mwenyewe. Mpeasi wangu ni kijiti cha Lozan, alikipandikiza kwa mkono wake. Ni mapeasi yake au si yake?"

Bibi Stoyna aliitikia kwa kichwa, na machozi yakamdondokea mapajani.

"Basi wewe gawa ngano na mkate," alisema Vasilka. "Padri mwenyewe mnajua mwendo wake. Nitamuwahi."

Alimuwahi. Kijiji kizima kilikula mapeasi ya Babu Lozan juu ya kaburi lake, na Boyko akapewa vikombe viwili.

Mchana ule Nevena na bibi yake walichimba shimo refu nyuma ya banda. Bibi alivaa glavu. Walishusha mitungi yote humo, wakamwaga chokaa, wakafukia. Nevena alikuwa bado anangoja.

"Nigombeze, bibi," alisema mwishoni. "Nipige basi."

Bibi Stoyna aliegemea koleo lake. "Moto ulizimika. Ningekasirika, ningekuita mvivu, halafu tungewasha mwingine na kuchemsha upya. Kuni zilikuwepo. Kengele ya kanisa si sheria. Lile lilikuwa kosa la mtoto, na lingekwisha siku ile ile." Alichoma koleo ardhini. "Lakini ulisema 'muda wote.' Neno hilo ukalifungia stooni pamoja na mapeasi, likakaa humo likinigombanisha na jirani yangu, likingoja mdomo wa Boyko. Umenielewa? Ukikosea, sema wakati bado kuna kuni. Na kazi ya chakula usiifanye nusu, kwa sababu anayekula hajui nusu ipi uliiacha."

"Nimeelewa, bibi."

"Leo ulisema. Ulichelewa, ulinitia aibu mbele ya wafu na walio hai, lakini ulisema kabla hajanywa. Hilo nalo nimeliona. Sasa leta ndoo. Bado tuna yale mapeasi magumu ya majira ya baridi kwenye majani makavu. Vasilka analeta mashine."

Siku iliyofuata pipa lilikuwa tena juu ya mawe. Ndani ya nyumba, wanawake wale wawili walikuwa wanakunywa kahawa na kumcheka mtu. Kichwa cha Kalina kilitokeza juu ya ukuta, kikatazama pipa, kikamtazama Nevena, kikarudi chini chenyewe bila kusema kitu.

Dirisha likafunguliwa. "Nevena! Yanatokota?"

Nevena aliinama akatazama chini ya pipa, halafu akatazama maji.

"Yalikuwa yanatokota, bibi, sasa yametulia! Nilichelewa kuongeza kuni. Naongeza, halafu tuanze kuhesabu upya!"

"Haya," alisema Bibi Stoyna. "Tuanze upya." Akalifunga dirisha, akarudi kwenye kahawa yake, wala hakutoka kuja kutazama.